Barua ya wazi kutoka Lamu: mlichukua woga wetu mkaenda nao vitani

Kwa Mheshimiwa Rais na Amiri Jeshi Mkuu, kwa Baraza la Usalama wa Taifa, na kwa nyinyi wabunge na maseneta mlioko Nairobi,

Salamu kutoka Lamu. Mimi ni mkaazi wa huku tu, kazi yangu kununua samaki kwa wavuvi na kuwapeleka Mombasa, sina chama wala NGO wala mtu aliyenituma. Naandika manake nimeanza tena kuisikia ile lugha, ile ya mkubwa kusimama mbele ya maiki akasema taifa liko hatarini, adui yuko mlangoni, sasa sio wakati wa maswali ni wakati wa kuwa kitu kimoja. Kila nikiisikia moyo unanidunda, kwa sababu mara ile nyingine ilianzia kwetu, na mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wa walioitikia, na tangu hapo kuna jambo limenikaa rohoni sijalisema.

Turudi 2011. Tarehe 11 Septemba, usiku wa manane, watu wenye bunduki waliingia hoteli moja kule Kiwayu wakamuua Mwingereza, wakambeba mkewe kwa boti. Wiki tatu hazijaisha, tarehe 1 Oktoba, wakaja Manda, hapo ng'ambo tu, ukisimama gatini Lamu unapaona kwa macho, wakamchukua mama wa Kifaransa ambaye alikuwa mlemavu hawezi kutembea, kiti chake cha magurudumu wakakiacha, dawa zake wakaziacha, na huyo mama akafia mikononi mwao. Tarehe 13 ikawa Dadaab, wakachukuliwa wanawake wawili wa Kihispania waliokuja na shirika la madaktari kusaidia wakimbizi.

Sitaki mtu aniambie ile hofu ilikuwa ya kutengenezwa. Haikuwa. Mahoteli yalifungwa, wageni wakapanda ndege wakaenda zao, vijana wa kutembeza wageni kwa mashua wakawa wanashinda uwanja wa Mkunguni kuanzia asubuhi mpaka magharibi hawana la kufanya, na usiku ukisikia boti ya injini unakaa kitandani unasikiliza inaelekea wapi. Mke wangu alikuwa akiamka kushika komeo la mlango, mara mbili mara tatu kwa usiku mmoja, na mimi najifanya nimelala manake sikuwa na la kumwambia.

Kwa hiyo Jumamosi ya tarehe 15 Oktoba, George Saitoti na Yusuf Haji, Mungu awarehemu wote wawili, walipokaa mbele ya waandishi wa habari wakasema hawa Alshabab tutawafuata popote walipo, tuliitikia. Jumapili jeshi likavuka mpaka. Operesheni Linda Nchi. Hebu liangalieni hilo jina, nani ataweza kulipinga? Ukisema sikubaliani na Linda Nchi ni kama umesema nchi isilindwe, jina lenyewe lishakufunga mdomo kabla hujaufungua.

Jioni ile tulikuwa barazani karibu na msikiti tunasikiliza redio. Watu wamechangamka kweli. Na mzee mmoja, baharia wa zamani, akauliza kwa sauti ya chini tu, waliowachukua wale wazungu ni Alshabab ama ni maharamia? Na Bunge limekaa lini? Basi, maswali mawili. Tulimrukia kama amekufuru. Mmoja akamwambia wewe una jamaa zako Kismayu kule Somalia ndio maana, mwengine akamwambia wazee kama nyinyi ndio mnaowaficha, na mimi, na hili ndilo lililonikaa rohoni, mimi nilimwambia bora anyamaze asije akatuletea askari mtaani. Akachukua bakora yake akaondoka. Toka siku ile akawa akipita anatoa salamu tu, hakai tena, na alikufa hivyohivyo sijamuomba radhi.

Nawaelezea haya mjue jinsi kitu hiki kinavyofanya kazi huku chini, manake nyinyi mnakiona kutoka juu tu. Nyinyi hamkuhitaji kumtuma polisi kumnyamazisha yule mzee. Sisi tuliwafanyia hiyo kazi bure, majirani zake, watu aliotubeba tukiwa watoto. Mtu mwenye woga hataki swali, swali linamuongezea woga, anataka mtu mmoja asimame aseme najua la kufanya, na akishampata atampigania hata kwa baba yake.

Na mzee alikuwa na haki ya kuuliza. Alshabab wenyewe walikana kwamba ndio waliowateka wale watu. Yule mama aliyechukuliwa Kiwayu aliachiliwa Machi 2012, na waliokuwa wamemshika walikuwa maharamia wa kutafuta pesa. Halafu mwezi huohuo wa Oktoba 2011 msemaji wa serikali wa wakati ule, Alfred Mutua, akaliambia gazeti la Marekani kwamba operesheni kubwa kama ile haipangwi kwa wiki moja, kwamba ilikuwa inapikwa kwa muda, na ule utekaji ulitoa tu pa kuanzia. Na nyaraka za kibalozi za Marekani zilizovujishwa na WikiLeaks zimeonyesha kuwa Januari 2010, kule Addis Ababa, waziri wetu wa mambo ya nje Moses Wetang'ula aliwaomba Wamarekani waunge mkono mpango wa kusimamisha utawala wa Jubaland upande wa pili wa mpaka, na Wamarekani wenyewe wakawa na wasiwasi nao. Hesabu sasa, Januari 2010 mpaka Septemba 2011. Mpango ulikuwa kwenye droo zaidi ya mwaka mmoja na nusu kabla ile boti ya kwanza haijafika Kiwayu.

Sisemi mpango wenyewe haukuwa na sababu yoyote. Dadaab mwaka ule ilikuwa na wakimbizi zaidi ya 400,000, njaa ilikuwa imetangazwa rasmi Somalia tangu Julai, bandari mpya ya Lamu na barabara zake zilikuwa kwenye ramani na Machi 2012 Rais Kibaki alikuja huku kuuzindua mradi, na hakuna mwekezaji anataka kujenga pembeni ya moto. Hizo ni sababu za kuzungumzika. Mngetuletea tukaambiwa jamani tunataka utawala wa kirafiki pale mpakani, itagharimu hivi, watakufa watu, itachukua miaka, mnaonaje? Lakini mlijua sababu kama hizo mtu anazisikiliza amekaa, anakunywa kahawa, anabishana, anauliza bei. Woga ndio unaomsimamisha mtu mara moja. Kwa hiyo sababu zenu za kweli mkaziacha kwenye droo na mkatoka na woga wetu.

Najua wengine wenu hamkuwa kwenye viti hivyo 2011, na wengine mlikuwako. Kiti ni kilekile.

Na kuna kitu kimoja nimekifikiria sana, mimi si mtaalamu wa kijeshi lakini hiki kila mtu anakiona. Kama mpango ulikuwapo kitambo, mbona jeshi likatoka kwa pupa Oktoba, mwezi mvua inaanza kule? Magari yalikwama kwenye matope wiki nyingi, vifaru na malori ya chakula, na mchunga ngamia yeyote wa Dhobley, ng'ambo ya mpaka, angewaambia ardhi ile ikinyeshewa haipitiki. Kismayu ilikuja kuchukuliwa mwishoni mwa Septemba 2012, karibu mwaka mzima. Mimi naona ni hivi: woga unaoza haraka, kama samaki bila barafu. Mkisubiri mpaka Januari ardhi ikauke, watu washatulia, na mtu aliyetulia anauliza limekaa lini Bunge. Mkaamua bora vijana wakwame matopeni kuliko mkwame nyinyi kwa maswali.

Katiba tuliyoipitisha 2010, hata miaka miwili ilikuwa haijatimiza, inasema kifungu cha 95 kwamba Bunge la Taifa ndilo linaloidhinisha kutangazwa kwa vita. Kiliandikwa na watu waliojua wanachokiandika. Mkasema hii si vita ni kujilinda, mkataja mkataba wa Umoja wa Mataifa, mkavuka. Wabunge walikuja kupiga kura Desemba, na kura yenyewe ilikuwa ya kuliingiza jeshi kwenye AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika kule Somalia, yaani wanaombwa ruhusa ya safari na basi lishafika nusu ya njia, dereva anauliza nani anataka kushuka hapa porini. Nyinyi wabunge mlikubali kufanywa hivyo.

Novemba mwaka ule msemaji wa jeshi, Meja Emmanuel Chirchir, aliandika Twitter kuwa kundi kubwa la punda waliobeba mizigo likionekana linaelekea miji ya Alshabab litahesabiwa kuwa ni shughuli ya Alshabab. Watu Nairobi walicheka sana, zikatengenezwa na picha. Huku kwetu hatukucheka. Lamu punda ndio lori, ndio anabeba mchanga, mawe ya kujengea, magunia ya unga, mitungi ya maji, na ng'ambo ya mpaka ni hivyohivyo. Nikawa nawaza yule mama wa Kisomali mwaka wa njaa, ana punda wake wawili na watoto nyuma, anakwenda mahali alipoambiwa kuna chakula, hana Twitter, hana hata simu, atajuaje kwamba tangu leo yeye na punda wake ni shughuli ya Alshabab? Ndipo nilipoanza kuona woga unavyofanya, unaanza na mtu mwenye bunduki kwenye boti unaishia kwa punda.

Na haukuishia ng'ambo. Ulirudi nyumbani.

Kwanza ulikuja baharini. Mkapiga marufuku kuvua usiku Lamu na ikakaa miaka, sio miezi. Ami yangu alikuwa mvuvi wa usiku tangu ujana wake, anatega nyavu magharibi anazivuta alfajiri, manake mchana samaki wengi wanauona wavu wanaukwepa. Akaja kukaa kibarazani na nyavu zake anazishona. Alizishona zote, kila tundu, na zilipokwisha akaanza kushona pasipotoboka, ukimuuliza anakwambia hapa pana uzi umelegea. Ami, hapana uzi uliolegea. Ananiangalia tu. Alikuwa akiniletea samaki wa kujaza makasha mawili makubwa siku ya bamvua, ikawa ananiletea wanaoingia kwenye ndoo. Hakuwahi kumwona Alshabab maishani mwake, yeye alimwona afisa aliyekuja kusoma amri ufuoni, akaondoka.

Halafu ukaja barabarani. Kuna siku tumesimamishwa kwenye kizuizi kimoja kati ya Witu na Garsen, basi zima, tuteremke. Askari kijana, mpole hata, hakunipiga wala hakunitukana, ameshika kitambulisho changu ananiuliza hapa umeandikwa Lamu, baba yako alizaliwa wapi? Lamu. Na babu? Lamu. Na babu yake babu? Na wakati ananiuliza hayo barafu inayeyuka kwenye makasha, maji ya samaki yanatiririka mpaka chini ya viatu vyake, mama mmoja wa kutoka bara aliyekuwa hana kanzu wala kofia wala jina la Mohamed ashapita kitambo yuko ndani ya basi anatuangalia kwa dirisha. Sikumlaumu yule kijana, sijui nani alimfundisha kwamba mpaka wa Kenya unapita katikati ya watu badala ya kupita Kiunga. Tulikaa saa nne na samaki wote nilimwaga Mombasa.

Wenzetu wa Eastleigh, Nairobi, waliona makubwa zaidi. Aprili 2014, Operesheni Usalama Watch, maelfu ya watu, wengi Wasomali, wakakusanywa, uwanja wa Kasarani ambao tunauonaga kwenye tivi watu wakikimbia mbio ukageuzwa wa kuwachuja binadamu. Wazee wa huku walipoona zile picha walisema neno moja tu, Shifta. Wao wanaikumbuka ile vita ya miaka ya sitini, ya serikali na Wasomali wa kaskazini waliotaka kujiunga na Somalia, vijiji vya Wabajuni vya mpakani vilivyohamwa, sheria ya hali ya hatari ya kaskazini iliyokuja kuondolewa 1991 wakati Shifta wenyewe walikuwa washakwisha zamani. Kila kizazi chetu kinapewa jina la woga wake, na chini ya jina hilo watu wale wale ndio wanaoulizwa babu yako alizaliwa wapi. Mwezi wa pili 2025 mkatangaza mmeondoa ule ukaguzi wa ziada wa vitambulisho kwa watu wa mpakani, nalo nashukuru kwa moyo wote, kweli. Lakini angalieni umekaa miaka mingapi.

Mpeketoni, hapa hapa Lamu, je? Juni 2014, watu wanaangalia Kombe la Dunia, wauaji wakaja wakaua zaidi ya watu 60, wanaume wametolewa majumbani mbele ya wake zao. Alshabab wakasema ni sisi tumefanya. Na Rais wa wakati ule, Uhuru Kenyatta, akahutubia taifa akasema sio Alshabab, ni mitandao ya kisiasa ya hapahapa, na gavana wetu akakamatwa akashtakiwa, baadaye mashtaka yakatupwa. Mimi nilizika watu niliokuwa nawauzia samaki Mpeketoni, na naomba mnielewe ninavyoumia hapa. Mkitaka kwenda Somalia, watekaji ambao walikuwa maharamia mkasema ni Alshabab. Walipokuja Alshabab kweli, wakasema wenyewe kwa mdomo wao, mkasema ni wapinzani wa kisiasa. Adui akawa ni yule anayewafaa siku hiyo. Sisi tuliobaki na makaburi tungependa adui awe ni yule aliyetuua.

Desemba 2014, baada ya watu 28 kuuawa kwenye basi Mandera na 36 kwenye machimbo ya mawe, mkaja na ile sheria ya usalama, wabunge wakapigana na kumwagiana maji ndani ya Bunge na ikapita, kesho yake ikatiwa sahihi. Mahakama Kuu ilikuja kufuta vifungu vinane Februari 2015, vikiwemo vya kubana waandishi wa habari na cha kuweka idadi ya mwisho ya wakimbizi. Majaji walikuwa na mawakili mbele yao na muda wa kusoma. Nyinyi mlikuwa na maiti kwenye magazeti na mkaona huo ndio wakati mzuri.

Septemba 2015 ikaja Operesheni Linda Boni, mkasema ni ya siku 90. Waaweer wa msitu wa Boni, watu wanaoishi kwa asali na matunda ya mwitu, wakakatazwa kuingia msitu wao. Shule za Basuba, Mangai, Milimani, Mararani, Kiangwe zilikaa zimefungwa miaka tangu mashambulizi ya 2014. Mtoto aliyekuwa darasa la pili akaja kuwa mtu mzima na darasa lake la pili. Siku 90 zilipita, zikapita tena na tena, operesheni ikabadilishwa jina, na kule Somalia AMISOM ikawa ATMIS 2022, ATMIS ikawa AUSSOM 2025, vijana wetu bado wako.

Sasa nije kwa El Adde.

Kuna mama mmoja namjua, yuko huku bara, sitamtaja na hata kijiji chake sitakitaja. Mwanawe alikuwa jeshini. Alfajiri ya tarehe 15 Januari 2016 kambi yetu ya El Adde, kule Somalia, ilivamiwa na Alshabab. Wiki ile yote sisi tunajua kuna jambo manake video za adui zinazunguka kwenye simu, na serikali inasema subirini, na mwandishi mmoja akakamatwa kwa yale aliyoyaandika mtandaoni. Yule mama akawa anapiga namba ya mwanawe. Mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa. Akawa anapiga asubuhi akimaliza kuswali na jioni akifunga genge lake la mboga. Alikuja kuambiwa, na mazishi yakafanyika, jeneza limefungwa akaambiwa asifungue. Lakini hakuacha kuitilia kredo ile laini. Kila mwezi, shilingi ishirini, wakati mwengine hamsini. Nilimuuliza mwaka juzi kwa nini, akaniambia isipotiliwa kampuni itaifunga wampe mtu mwengine, halafu siku moja atapiga atapokea mtu asiyemjua.

Mpaka leo hamjawahi kutuambia walikufa wangapi El Adde. Shirika la habari la CNN lilihesabu 141. Rais wa Somalia wa wakati ule alisema kati ya 180 na 200, mkakanusha. Mkikanusha namba ya mtu si mnatoa yenu? Hamkutoa. Mlipokuwa mnataka twende vitani mlitupa namba zote, watekwa wangapi, watalii wangapi wamekimbia, hasara ya mabilioni mangapi. Vita ilipoanza kula watoto wetu namba zikawa siri ya taifa.

Westgate, lile duka kubwa la Nairobi lililovamiwa, Septemba 2013, walikufa 67. Rais aliahidi tume ya uchunguzi, siku zile hasira bado mbichi. Tume haikuundwa. Kamati ya Bunge ikaandika ripoti, Bunge lenyewe likaikataa. Chuo kikuu cha Garissa, Aprili 2015, 148, wengi wao watoto wa chuo, na jibu la kwanza lililotoka juu ni UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, ihamishe Dadaab ndani ya miezi mitatu, na ukuta ujengwe mpakani. Kila tukipigwa, badala ya kutuelezea tumepigwaje, mnatuelekeza pa kuogopa tena.

Hii mbinu hamkuianzisha nyinyi, hilo najua. Tarehe 5 Februari 2003 Colin Powell alikaa kwenye Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa ameshika kichupa kidogo, akiwaonyesha watu unga wa sumu kama ule ungeweza kuua wangapi, na kabla ya hapo serikali ya Tony Blair ilikuwa imewaambia Waingereza kuwa Saddam anaweza kuzitoa silaha zake za maangamizi kwa dakika 45. Wakavamia Iraki mwezi wa tatu. Silaha hazikupatikana. Lakini Waingereza walau walikuja kukaa chini, tume ya Chilcot ilichukua miaka saba, ikaita mawaziri wakuu wakaulizwa hadharani, na Julai 2016 ikaandika wazi kwamba hatari ya Iraki ilielezwa kwa uhakika ambao ushahidi haukuwa nao. Haikumfufua mtu Baghdad. Lakini imeandikwa, iko kwenye kitabu chao, mtoto wa shule anaweza kuisoma. Mwaka huohuo wa 2016 sisi tulikuwa tunazika watu wa El Adde bila hesabu.

Msiniambie sijali usalama. Mimi nalala Lamu. Alshabab si hadithi, ni wauaji, wameua Waislamu na Wakristo, wamechinja watu Pandanguo na Hindi na Witu, na askari anayelala msituni Boni kunilinda namuombea kila swala. Kwa sababu yake yeye hasa ndio naandika. Yeye ndiye anayekwenda kukwama matopeni wakati nyinyi mnaogopa kuulizwa.

Ninachotaka sio kikubwa. Wakati mwengine mkitaka kulipeleka jeshi popote, Bunge likae kabla, sio miezi miwili baada. Mlete mpango wenyewe, na tarehe ulipoandikwa, tuone kama ni mpango wa adui huyu ama ulikuwa unamsubiri adui yeyote. Mseme mwisho wake ni nini, mkifika wapi mtarudi. Na akitokea mtu barazani ama bungeni akauliza, msimwite msaliti, manake nyinyi mkimwita hivyo mara moja kwenye tivi huku mtaani anaitwa mara elfu, na majirani zake ndio watakaomwita.

Ile tume ya Westgate iundwe hata sasa. Shule za Basuba zote ziwe na walimu wanaolala hapo.

Na El Adde, mtoe majina. Yote, na vyeo vyao na walikotoka. Najua mnasema familia zishaambiwa, lakini yule mama aliambiwa peke yake, ndani ya nyumba yake, kwa sauti ya chini, kama vile mwanawe amefanya kosa. Ana miaka zaidi ya sitini sasa. Mtumeni afisa, si lazima awe mkubwa, aende akakae naye amwambie kijana alikufa saa ngapi, alikuwa na nani, kama alipiga simu wakati wanavamiwa ni nani hakupokea. Namba ya mama mnayo, iko kwenye fomu aliyojaza mwanawe siku ya kuandikishwa, hajaibadilisha.